Kutoka Hongo hadi Hisani: Historia ya Msamaha wa Kodi na Vyama Vidogo vya Utafiti

Msomaji asiichanganye Kikuyu ya Dodoma na Kikuyu ya Kenya, ijapokuwa kila moja ilipata shule iliyoitwa Alliance, iliyotokana na ushirikiano wa madhehebu ya Kiprotestanti. Shule ya Dodoma ilikuja kuwa ya Serikali, ikapewa jina la Mazengo, mtemi mashuhuri wa Wagogo. Na tangu mwaka 2007 mahali hapo pamekuwa makao ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilicho mali ya Kanisa la Anglikana Tanzania. Kiwanja ni kimoja, na kazi iliyofanyika juu yake katika vipindi vyote vitatu ni moja, nayo ni elimu. Lakini mbele ya mtoza kodi vipindi hivyo si kitu kimoja. Mali ya misheni, mali ya Serikali, na mali ya shirika la dini lenye chuo ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina mlango wake katika sheria.

Swali linalozaliwa hapo ni hili: je, ni kitu gani kimtoacho mtu au chama katika hesabu ya walipa kodi? Kanisa lina jibu lake la miaka mingi, na Serikali haijitozi yenyewe. Lakini uchukuliwe mfano wa chama cha watu sita au saba, waliopanga chumba kimoja Kikuyu, wakikusanya maneno na masimulizi ya Kigogo kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka duniani. Chama hicho si kanisa, si idara, wala si chuo kikuu. Hakiuzi kitu, wala wanachama wake hawagawani faida. Kwake yeye msamaha wa kodi si jambo la heshima tu. Aghalabu ndio unaoamua kama kazi itafika mwisho ama itakatika njiani. Makala haya yafuata historia ya jambo hilo kwa kufuata maneno yake, kwa kuwa tangu mwanzo mabishano ya msamaha wa kodi yamekuwa mabishano juu ya maana ya maneno.

Hongo ya Ugogo

Ugogo ulijua ushuru kabla ya kuja kwa dola ya kigeni. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katikati ya nchi hiyo kavu, na kila mtemi alitoza hongo katika eneo lake. Burton na Speke walilipa walipopita mwaka 1857. Stanley alilipa mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Na jina la Magomba, mtemi wa Kanyenye, limehifadhiwa katika vitabu vyao kwa sababu hiyo hasa. Malipo yalikuwa nguo zilizohesabiwa kwa doti, ushanga na nyaya, na kiasi chake hakikuwa kimeandikwa popote. Kilijadiliwa, pengine kwa siku kadhaa, na msafara haukuendelea mpaka pande mbili zimepatana.

Wasafiri wa Kizungu waliyaita malipo hayo unyang'anyi, lakini hawakuyatazama kutoka upande wa mwenyeji. Upande wa mashariki msafara ulivuka nyika ya Marenga Mkali, na upande wa magharibi Mgunda Mkali; kati ya nyika hizo mbili, maji na chakula vilikuwa vya Wagogo. Visima vilichimbwa kwa mikono na kutunzwa, na msafara wa mamia ya watu uliweza kukimaliza kisima kwa siku moja. Kwa hiyo hongo ilikuwa bei ya maji, ya njia na ya amani, na aliyeitoza alikuwa na mamlaka ya kuitoza. Aliyetaka kusamehewa hakutafuta kifungu cha sheria, bali alikwenda kwa mtemi. Msamaha ulikaa katika kinywa cha mtu.

Yafaa wanalugha waitazame safari ya neno hili. Leo hongo ni malipo ya siri anayopewa mtumishi wa umma ili apindishe haki. Mzizi wake katika kitenzi *kuhonga* ulikuwa tayari na maana ya kutoa kitu ili kupata upendeleo wa mtu; lakini ile maana ya ushuru halali wa njia imekufa. Yamkini haikufa kwa sababu za lugha peke yake. Dola ya Kijerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza walipoiendeleza kwa sheria yao ya mwaka 1922, haki ya kutoza ilikuwa imetwaliwa na dola tu. Malipo aliyoyapokea mtu mwingine yeyote nje ya dola hayakuweza tena kuitwa kodi. Mamlaka ilipohama, neno lililobaki nyuma lilishuka hadhi.

Neno *ushuru* nalo, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya sehemu moja ya kumi, limesahau hesabu yake, likawa jina la tozo za namna nyingi. *Sadaka*, *wakfu* na *hisani*, ambayo pia ni ya asili ya Kiarabu, yalibaki upande wa pili wa mizani: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya watu, isiyotarajiwa kurudi. Waswahili wa pwani walikuwa na wakfu wa misikiti, visima na vyuo kwa karne nyingi. Kwa hiyo fikra kwamba kuna mali isiyo ya mtu, bali ya kazi fulani, haikuletwa Afrika Mashariki na sheria ya Kiingereza. Kilicholetwa ni orodha.

Orodha ya mwaka 1601

Orodha hiyo ilitungwa Uingereza mwaka 1601, katika utangulizi wa sheria ya Malkia Elizabeth wa Kwanza juu ya mali za hisani. Iliwataja wazee, wasiojiweza na maskini. Askari wagonjwa na vilema. Shule na wanafunzi wa vyuo vikuu. Na matengenezo ya madaraja, bandari na barabara. Haikuwa sheria ya kodi, bali ilikusudiwa kuzuia mali za hisani zisiliwe na wasimamizi wake. Hata hivyo mahakimu waliishika orodha hiyo kwa karne nyingi kama kipimo cha kujua lipi ni la hisani na lipi si la hisani.

Kwa vyama vya elimu, hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1843. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuvitoa vyama vya sayansi, fasihi na sanaa katika kodi za majengo na ardhi zilizotozwa na serikali za mitaa. Masharti yake yalikuwa mepesi kuelezwa: chama kiwe kwa ajili ya elimu hiyo tu, kiendeshwe, kwa ukamilifu au kwa sehemu, na michango ya hiari ya kila mwaka, kisiwagawie wanachama wake faida wala zawadi ya fedha, na kiwe na cheti kutoka kwa mwanasheria aliyewekwa kuzikagua kanuni zake. Mambo mawili katika sheria hiyo yanapaswa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba ilitaja sayansi na fasihi kwa majina, bila kuyaficha chini ya jina la shule. La pili ni cheti: haikutosha chama kuwa hivyo, ilibidi mtu fulani athibitishe kwamba ndivyo kilivyo.

Shauri lililoiweka misingi ya maana ya hisani kwa kodi ya mapato lilihusu Wamoravia. Ardhi ilikuwa imewekwa amana tangu mwaka 1813 ili pato lake liendeshe misheni zao miongoni mwa mataifa yasiyo ya Kikristo. Wakuu wa kodi walikataa kurudisha kodi ya pato hilo, wakidai kwamba katika lugha ya kila siku hisani ni kusaidia maskini, na kuhubiri si kusaidia maskini. Mtunza fedha wa Wamoravia, Pemsel, alilipeleka shauri mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1891 Malodi walio wengi waliamua kwamba neno hilo katika sheria ya kodi lisomwe kwa maana yake ya kisheria, si ya sokoni. Lord Macnaghten aligawa hisani katika mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na makusudi mengine yaufaayo umma. Katika mwaka huohuo wa 1891 Wamoravia walianzisha kituo chao cha Rungwe, kusini-magharibi ya nchi ambayo leo ni Tanzania.

Kwa njia hiyo neno moja lilipata maana mbili: moja ya wasemaji, nyingine ya mahakama. Hilo ni jambo la kawaida katika lugha ya sheria, lakini hapa lilikuwa na bei. Aliyeijua maana ya pili alirudishiwa fedha. Aliyeijua ya kwanza tu alilipa.

Je, utafiti ni elimu?

Katika mafungu manne ya Macnaghten utafiti haupo. Ulihesabiwa kuwa umo ndani ya elimu, mpaka shauri moja lilipoitikisa dhana hiyo. Na lilikuwa shauri la lugha. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha katika wasia wake mali ya kuchunguza faida za alfabeti mpya ya Kiingereza yenye herufi zisizopungua 40, na ya kuchapisha tamthilia yake moja kwa herufi hizo. Mwaka 1957 Jaji Harman aliamua kwamba hiyo si hisani. Kwa maoni yake, kuongeza ujuzi peke yake hakutoshi; lazima ujuzi huo uambatane na kufundisha. Alfabeti hiyo haikupotea kabisa, maana baada ya mapatano fedha kiasi zilipatikana, na kitabu kikatoka mwaka 1962. Lakini neno la jaji lilibaki, na kila mtafiti aliyelisoma alijiuliza kama kazi yake ni elimu ama ni udadisi tu.

Jibu lilikuja mwaka 1964, nalo pia lilihusu maandishi. Wasia mwingine ulikuwa umewaachia fedha watu waliotafuta miswada ambayo ingethibitisha kwamba Francis Bacon ndiye aliyeziandika tamthilia za Shakespeare. Jaji Wilberforce hakuiamini sana dhana hiyo, lakini aliukubali utafutaji kuwa hisani, kwa kuwa neno elimu lapaswa kuchukuliwa kwa upana. Mwaka 1981 Jaji Slade alizikusanya hoja hizo katika vipimo vitatu: jambo linalochunguzwa liwe na manufaa, ujuzi utakaopatikana utolewe kwa wengine, na watakaofaidika wawe umma, si kikundi.

Marekani walikuwa wamelimaliza jambo hili kwa njia fupi zaidi. Sheria yao ya kodi ya mwaka 1894, iliyobatilishwa na mahakama mwaka uliofuata, ilivitoa vyama vya hisani, dini na elimu. Ya mwaka 1913 iliongeza neno moja: sayansi. Neno hilo likimo, mtafiti hana haja ya kujiita mwalimu.

Afrika Mashariki

Sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ndiyo iliyopokewa Tanganyika, na ikaja pamoja na orodha yake na mafungu yake. Kodi ya mapato yenyewe ilianza Tanganyika mwaka 1940; mwaka 1952 nchi tatu za Afrika Mashariki zikawekwa chini ya sheria moja ya usimamizi wa kodi hiyo; na mwaka 1973 Tanzania ikatunga sheria yake yenyewe.

Ni ajabu kwamba katika muda huo mrefu swali la utafiti wa lugha halikusumbua sana. Sababu yake ni rahisi: utafiti mkubwa wa Kiswahili ulikuwa chini ya kivuli cha serikali. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 kwa michango ya serikali za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Mwaka 1964 ilikuwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2009 chuo hicho kiliunganishwa na idara ya Kiswahili na kuitwa TATAKI. Baraza la Kiswahili liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Taasisi za namna hiyo huingia katika sheria ya kodi kwa mlango wa serikali, hazibishi hodi kwenye mlango wa hisani.

Lakini pembeni yao daima walikuwako wengine. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili, na aliwahi kuwa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha washairi na wapenzi wa Kiswahili. Chama cha Tanganyika kilitoa jarida lake la habari za nchi kuanzia mwaka 1936. Watu hao walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha, na elimu waliitumikia kwa muda wa ziada. Kazi zao zingali zikitajwa, na zaonyesha kwamba si kila ujuzi wa nchi umetoka katika idara.

"Biashara ya hisani"

Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2004, ilivyotungwa, yalitaja shirika la hisani kuwa chombo chenye sura ya umma kilichoundwa, na kinachofanya kazi, kwa makusudi haya tu: kuondoa umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za afya, elimu, maji, na ujenzi au matengenezo ya barabara. Anayeikumbuka orodha ya mwaka 1601 atazitambua barabara hizo. Utafiti, kama kawaida, hautajwi.

Zaidi ya hayo, shirika lazima liwe na uamuzi wa maandishi wa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato kwamba ni la hisani. Hapa ndipo vyama vidogo vingi hukwama, kwa kuwa hudhani kwamba usajili ndio msamaha. Chama chaweza kuwa kimesajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, au wadhamini wake wakawa wameandikishwa RITA. Bado mbele ya kodi ni mlipaji kama wengine mpaka Kamishna aseme vingine. Hata akisema, kodi ya mishahara ya watumishi wake haisamehewi, na hesabu za kila mwaka zapaswa kupelekwa.

Na uamuzi huo ukipatikana, kinachotolewa si msamaha kwa maana ya neno hilo. Sheria yalihesabu shirika la hisani kuwa linafanya biashara, biashara ya hisani. Misaada linayopokea huingia katika mapato. Kisha hutolewa yale yaliyotumika kwa kazi zake, na robo ya mapato juu yake. Kinachobaki, kama kipo, hutozwa. Maana yake ni kwamba sheria haimsamehi mwenye hisani, inamsamehe mtumiaji. Atakayetaka kuweka akiba kwa kazi ya miaka ijayo hana budi kumwomba Kamishna na kumweleza mradi wake.

Kwa mchimba kisima jambo hili si zito: fedha huja, kisima huchimbwa, fedha huisha. Kwa mtunga kamusi ni zito. Kamati ya mwaka 1930 ilitoa kamusi zake kubwa mwaka 1939. Chuo cha mwaka 1964 kilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, yaani baada ya miaka 17. Kazi ya maneno haifuati mwaka wa fedha. Chama cha Kikuyu kikipata fedha nyingi mwaka mmoja na kuzitunza ili zitoshe miaka minane, chaonekana mbele ya hesabu kama mtu aliyepata faida.

Na hapo *msamaha* lenyewe lastahili kuchunguzwa. Kusamehe, kwa Kiswahili, ni kuachilia deni au kosa. Anayesamehewa alikuwa anadaiwa. Kwa hiyo chama kinachoomba msamaha wa kodi huingia ofisini kwa heshima ya mdeni, na afisa humpokea kama mdai mwenye huruma. Sheria ya mwaka 1843 haikuwa na maana hiyo. Yenyewe ilisema kwamba mali isiyogawanywa kwa wanachama, inayotumika kwa elimu ya wote, haimo katika hesabu tangu mwanzo. Tofauti kati ya kuachiliwa deni na kutokuwa na deni ni ndogo katika fedha, lakini ni kubwa katika haki: la kwanza hutegemea moyo wa mtoaji, la pili hutegemea ukweli wa mambo.

Swali hili limekuwa la wanalugha zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Maneno yaliyosomwa kwa Kiingereza, na kufafanuliwa kwa mashauri ya Wamoravia na ya alfabeti ya Shaw, sasa yanahitaji makao katika Kiswahili. Mfasiri akiandika *elimu*, msomaji wa kawaida ataona darasa, ubao na mwanafunzi, na mkusanya maneno wa Kigogo atabaki nje ya mlango. Akiandika *elimu na utafiti*, ataingia. Akiandika *taaluma*, itakuwa kazi ya Kamishna kuamua mipaka yake. Tafsiri ya neno moja yaweza kumtoza mtu au kumwacha.

Vyama vyenyewe, wakati neno hilo likisubiriwa, vina kinga iliyojaribiwa kwa zaidi ya miaka 180. Masharti ya mwaka 1843 na vipimo vya mwaka 1981 vyakubaliana katika mambo mawili: fedha zisirudi kwa wanachama, na ujuzi usibaki kwa wanachama. La kwanza huandikwa katika katiba ya chama. La pili huonekana katika machapisho, mihadhara na nakala zilizowekwa maktabani. Chama kinachokusanya maneno na kuyafungia kabatini hakina jibu akiulizwa na afisa ni elimu gani kinayoiendeleza. Kinachotoa hata kijitabu kimoja kwa mwaka, kikakipeleka shuleni, kina jibu mkononi.

Mtemi wa Kanyenye alimsikiliza kiongozi wa msafara, kisha akataja kiasi. Kamishna husoma katiba na hesabu, kisha hutoa uamuzi. Kati ya wawili hao kuna karne moja na nusu, na vitabu vingi vya sheria. Lakini kwa watu sita wa chumba kile cha Kikuyu, ambao neno la kazi yao halijaandikwa katika sheria, bado msamaha umekaa katika kinywa cha mtu. Neno likiandikwa, litahamia kitabuni, na huko kila msafara utaweza kulisoma kabla haujafika kisimani.